Karatasi za Mgongo wa Kulwa

Wiki iliyopita Neema, binti wa jirani yangu hapa Buswelu, alinijia na simu mkononi. Ameajiriwa kiwandani, kitengo cha utumishi, kwenye meza ileile niliyoiacha nilipostaafu. Akaniamkia, akakaa, akasema, "Babu, kuna mfanyakazi wetu mkono wake umeharibiwa na mashine. Tunamwombea pensheni ya ulemavu. Ushahidi wote wa hospitali ninao humu."

Akanionyesha simu. Picha kumi na nne. Ya kwanza ilikuwa nusu karatasi na nusu kidole gumba. Ya pili ilikuwa giza tupu. Ya tatu ilikuwa yeye mwenyewe, amependeza kweli, nyuma yake ziwa.

"Na huu nao ni ushahidi?" nikamuuliza.

"Hiyo imeingia kwa bahati mbaya, babu."

Basi nikaona heri niandike kidogo, kwa ajili ya Neema na ninyi wenzake mnaoanza kazi hii. Nikiwatania msinune. Mimi nilitaniwa zaidi, na walionitania walikuwa na haki yao.

Naitwa Bwire, Mjita, mzaliwa wa upande wa Mara. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa karani wa ustawi wa wafanyakazi katika kiwanda cha minofu ya sangara, kule Ilemela, kando ya ziwa. Mtu akiumia kazini, au akiugua hata asiweze kazi tena, mimi ndiye niliyekusanya karatasi zake za matibabu, nikazipeleka kwenye mfuko unaolipa mafao, na siku ikifika nikamsindikiza mbele ya jopo la madaktari wanaoamua ulemavu wake ni wa kiasi gani. Watu hudhani kazi hiyo ni huruma. Huruma ilikuwepo, lakini sehemu kubwa ilikuwa kusubiri. Nayajua mabenchi ya hospitali za Mwanza kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake: hili lina msumari, lile linayumba, lile usikae mwisho kwa sababu mwenzako akisimama wewe unaanguka.

Aliyenifundisha kazi hakuwa bosi wangu. Alikuwa mkuu wa masjala ya hospitali moja mjini, Mama Nyangeta, mama mnene mwenye sauti ya chini na kalamu mbili zilizochomekwa kwenye nywele. Siku ya kwanza nilikwenda kwake nimefunga tai. Nilikuwa nimeanza kazi mwezi ule, na tai ilikuwa mpya kuliko akili yangu.

"Naomba faili la mgonjwa," nikasema.

"Mgonjwa gani, mwanangu?"

"Anaitwa Maria. Ni mfanyakazi wetu."

Akaufungua mlango wa nyuma, akanionyesha chumba kilichojaa rafu kutoka sakafuni hadi kwenye dari. "Karibu," akasema. "Akina Maria wote wamo humu. Chagua unayempenda."

Wenzake wakacheka mpaka nikalegeza tai. Lakini baada ya hapo alinikalisha, akaniambia niandike: majina matatu, namba ya hospitali, tarehe aliyofika mara ya kwanza. "Karatasi isiyo na tarehe ni barua ya mapenzi," alisema. "Inagusa moyo, haithibitishi kitu."

Akanionya pia kuhusu majina ya kwetu. Kanda hii yote, Wasukuma, Wakerewe, Wahaya na sisi Wajita, tuna ugomvi wa siku nyingi na herufi mbili, L na R. Mgonjwa anajitaja hivi, muuguzi anasikia vile, mwandishi anaandika anavyopenda yeye. Mimi mwenyewe sina pa kujificha. Nikikasirika, hata leo, naomba "karamu" nikiwa nataka kalamu, na mara moja mhasibu mmoja aliniuliza aiandae ya watu wangapi.

Sasa niwaambie habari za Kulwa, maana kwake nilikosea kosa kubwa kuliko yote, na kwake nikajifunza mengi.

Kulwa Nkwabi alikuwa mbebaji kwenye chumba cha barafu. Kazi yake ilikuwa kubeba makreti ya sangara na barafu kutoka chumba kile mpaka kwenye meza za wakataji. Mtu wa miraba minne, mcheshi, mwenye kujivunia mabega yake. Watu wawili wakishindwa kuinua kreti, Kulwa alikuja, akawaambia, "Pisheni, wagonjwa," akalibeba peke yake.

Siku moja sakafu ilikuwa na mafuta ya samaki. Kulwa akateleza na kreti lake, akaanguka chali, mgongo ukapiga ukingo wa mfereji wa maji. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kuhesabu buti. Kulwa akalala pale kidogo, halafu akainuka polepole, akajipangusa, akasema, "Sangara amelipiza kisasi." Tukacheka. Naye akacheka, akaokota samaki wake, akamaliza zamu.

Sikuandika chochote. Fomu ya kuripoti ajali ilikuwa kwenye droo yangu, hatua thelathini kutoka pale alipoanguka. Lakini mtu ameinuka, amecheka, utamwandikia nini? Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Ninyi msifikiri hivyo. Mtu akianguka kazini, mwandikeni siku ileile, hata kama anaimba.

Siku ya tatu Kulwa alishindwa kuinuka kitandani. Mkewe, Limi, aliwaita majirani wakamteremsha mpaka zahanati. Nyumba yao ilikuwa juu mlimani, katikati ya mawe yale makubwa ya Ilemela, pale ambapo ngazi ni mawe na mawe ni ngazi, na mtu mzima mwenye afya akifika juu hukaa kwanza ndipo asalimie. Zahanati wakamwandikia kwenye daftari la shule, kama kawaida yetu, wakampa dawa za maumivu. Akapewa rufaa kwenda hospitali. Huko akapigwa picha ya eksirei, akaambiwa arudi baada ya mwezi.

Hakurudi. Baba yake mdogo alikuja kutoka Magu, akasema mambo ya mgongo yana wenyewe, akamchukua kwa mtaalamu wa kienyeji wa mifupa. Kulwa akakaa huko miezi minne, anakandwa na kupakwa mafuta. Sitawacheka waliomkanda, maana alisema walimpa nafuu. Ila mtaalamu yule hakuwa na kalamu. Miezi minne haikuwa na karatasi hata moja, na kwa mtu anayesoma faili ofisini, mwezi usio na karatasi ni mwezi ambao mgonjwa alikuwa mzima. Kama mgonjwa wenu anataka kukandwa, akandwe, lakini katikati ya mikando apite kliniki aandikwe.

Aliporudi alikuwa anatembelea fimbo. Kiwanda kikaniambia nimwombee pensheni. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Wajukuu zangu, nilikuwa najiona fundi wa barua. Harusi, misiba, kuagana na mameneja, mimi ndiye niliyeandika. Nikasema Kulwa ni rafiki yangu, nitamwandikia barua ambayo madaktari hawajawahi kuisoma. Na kweli hawakuwahi. Niliandika hivi, nakumbuka kila neno: "Ndugu Kulwa Nkwabi ni mfanyakazi hodari, mwenye nguvu za ajabu, asiyechoka, ambaye hajawahi kushindwa na kazi yoyote." Nikaiweka juu ya faili. Chini yake ilikuwepo karatasi moja ya hospitali, yenye mstari mmoja: "Maumivu ya mgongo. Apewe kazi nyepesi." Nikaona inatosha. Barua yangu ingeibeba.

Siku ya jopo Kulwa naye akaja na la kwake. Alikuwa amevaa koti la Doto, pacha wake, amenyoa ndevu, viatu vinang'aa. Fimbo aliiacha kwa mlinzi getini. Nikamwuliza, "Fimbo iko wapi?"

"Karani, nitaingiaje mbele ya watu wazima nikiwa na fimbo kama mzee?"

Ndani walikuwepo madaktari watatu. Mwenye umri mkubwa alikuwa mama mmoja mwenye mvi na miwani. Akainua macho kutoka kwenye barua yangu.

"Hujambo, Kulwa?"

"Sijambo kabisa, Dokta. Shikamoo."

"Marahaba. Mgongo unaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu, unaendelea vizuri."

"Unaweza kutembea?"

"Natembea vizuri tu."

"Nyumbani kazi unafanya?"

"Za hapa na pale, hazinishindi."

Nilikuwa nimekaa nyuma, natamani kumtupia kiatu. Lakini angesema nini? Tangu tumezaliwa tumefundishwa kwamba mtu mzima akikuuliza hali, hali ni nzuri. Tuna maiti wachache sana katika nchi hii ambao kabla ya kukata roho hawakusema hawajambo.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Ombi limekataliwa, muombaji, kwa mujibu wa barua ya mwajiri na maelezo yake mwenyewe, anaonekana kuimudu kazi, anaweza kuomba upya akiwa na ushahidi zaidi wa kitabibu. Kwa mujibu wa barua ya mwajiri. Yaani barua yangu, ile ya nguvu za ajabu.

Kulwa alipoambiwa alisema, "Si wamesema naimudu? Basi narudi kazini." Akarudi. Siku ya pili aliinua kreti nusu, akapiga magoti palepale kwenye maji ya barafu, na safari hii hakusema neno la kuchekesha. Wakataji wanne ndio waliomtoa.

Kesho yake Limi akaja ofisini kwangu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mfupi, muuza dagaa, mwenye macho ya kumtazama mtu mpaka akumbuke madhambi yake. Hakukaa.

"Shemeji Bwire, habari za kazi?"

"Nzuri, shemeji. Karibu ukae."

"Sikai. Nimesikia uliandika barua nzuri sana."

Nikaanza kupanga karatasi mezani.

"Nimeisifia kwa majirani," akasema. "Nikawaambia mume wangu ana nguvu za ajabu, imeandikwa kwa mashine. Wakaniuliza mbona asubuhi wanamsikia analia akiinuka kitandani. Nikasema nitamwuliza mwandishi."

Kisha akaondoka. Hakupandisha sauti hata kidogo. Heri angepiga meza.

Jioni ile nilimpitia Mama Nyangeta nikamweleza yote. Nilidhani atanicheka. Alinisikiliza, akazitoa kalamu kichwani, akazirudisha. Halafu akasema, "Umeshindwa kwa sababu ulikwenda kumsifu. Jopo si mkwe. Hawataki kujua ni mtu wa namna gani, wanataka kujua hawezi nini. Anza upya. Faili lake la hospitali liko wapi?"

"Vijana wako walitafuta Kulwa Nkwabi, hawakuliona."

"Picha ya eksirei iko wapi?"

"Sijui. Anayo mwenyewe."

"Kaitafute. Kwenye kona ya picha kuna jina kama sisi tulivyoliandika, si kama mama yake alivyomwita."

Nikapanda mlima. Nikafika juu, nikakaa kwanza ndipo nikasalimia. Limi alikuwa anachambua dagaa, Kulwa amelala ubavu kwenye mkeka uani. Nikaomba daftari la zahanati. Akaitwa binti yao, Kabula, wa darasa la tatu, akalileta kwa huzuni. Alikuwa ameona lina kurasa nyingi tupu, akalifanya la hesabu. Ukurasa wa kwanza: mgonjwa ameanguka kazini siku tatu zilizopita, maumivu makali ya mgongo, ganzi mguu wa kushoto, sahihi, mhuri. Ukurasa wa pili: jedwali la mara saba, na mwalimu ameweka vema nyekundu.

"Mara saba kwa nane ni ngapi?" nikamtania.

"Hamsini na sita."

"Umeikoa familia yako. Ungekosea, mwalimu angeichana karatasi."

Nililitazama daftari lile kwa muda. Tarehe, neno "kazini", ganzi ya mguu, vyote vilikuwepo tangu siku ya tatu. Nilikuwa nimelipelekea jopo barua yangu ya sifa, na ushahidi wenyewe ulikuwa unafundisha kuzidisha.

"Na picha ya eksirei?" nikauliza.

Limi akanyoosha kidole jikoni. Kioo cha dirisha kilikuwa kimevunjika siku nyingi, na mahali pake palikuwa pameshikiliwa na mgongo wa Kulwa. Ulikuwa umebandikwa vizuri kwa misumari minne, jua la mchana linapita ndani yake, unaona pingili zote.

"Unazuia upepo," Limi akasema. "Huko hospitali walisema hauna kazi."

Tukautoa. Ulikuwa na moshi na matundu manne, lakini kwenye kona maandishi madogo meupe yalisomeka: KURWA MKWABI, tarehe, na namba. R badala ya L, M badala ya N. Kesho yake Mama Nyangeta aliichukua namba ile, akaingia kwenye rafu zake, na kabla sijapata benchi lisilo na msumari akatoka na faili. Ndani yake daktari aliyeisoma picha alikuwa ameandika nusu ukurasa: pingili mbili zimeumia, mshipa wa fahamu umebanwa. Nusu ukurasa huo ulikuwa umekaa gizani mwaka mzima kwa sababu ya herufi mbili.

Niliandika barua fupi ya kuthibitisha kwamba Kulwa na Kurwa ni mtu mmoja, nikamwapisha kwa wakili. Wengine wenu mtaona ni usumbufu. Doto, pacha wake, alituona tunatoka huko, akasema, "Sasa tuko watatu."

Yakabaki maelezo ya daktari. Mtaalamu wa mifupa pale hospitali alikuwa Dokta Mwombeki, Mhaya kijana, mpole, ana wagonjwa kama siafu. Nilimweleza kwamba mstari mmoja hautoshi.

"Nimeandika apewe kazi nyepesi," akasema. "Mpeni kazi nyepesi."

"Dokta, kiwandani kwetu kazi nyepesi ni moja tu, na anayo mkurugenzi."

Akatabasamu, lakini mlangoni walikuwepo watu hamsini. Nikaelewa kwamba hajui Kulwa anafanya nini. Kwake "mbebaji" ni neno tu. Basi siku ya miadi nilikwenda na Kulwa, Limi, na kreti. Lilikuwa tupu, limeoshwa, lakini kreti la samaki hata ulioshe kwa sabuni ya harusi litakutangaza. Mlinzi akatuzuia.

"Mzee, samaki hawaingii wodini."

"Si samaki. Ni ushahidi."

Akalinusa, akasema, "Ushahidi wa sangara," akatupisha.

Dokta Mwombeki alipoliona alisimama. Nikamwambia, "Hili likijaa samaki na barafu, Kulwa alikuwa anabeba kila baada ya dakika chache, tangu asubuhi mpaka saa tisa, sakafu ina maji." Nikamwomba alijaribu. Kwa kuwa hatukuwa na samaki, Limi akajaza humo mafaili yaliyokuwa kwenye meza ya muuguzi, na juu yake akaweka ndoo ya maji. Dokta akainama, akainua, akalirudisha chini haraka. Akashika kiuno.

"Hili ni nusu," nikasema.

Akalitazama kreti, halafu akamtazama Kulwa kama amemwona mara ya kwanza siku ile. Akamlaza kitandani, akampima taratibu: inua mguu, inama, geuka, simama kwa ncha za vidole. Akamwuliza anaweza kukaa muda gani kabla ya maumivu, kusimama muda gani, kubeba nini. Kulwa akaanza, "Naweza kubeba—" Limi akasema, "Dokta, ndoo ya lita tano." Dokta akaandika kurasa mbili, za mkono, zinazosomeka. Daktari kuandika kurasa mbili zinazosomeka! Ningezitia kwenye fremu.

Siku ya jopo la pili nilimfundisha Kulwa njia nzima. Fimbo aingie nayo. Akiulizwa hali, aseme hali yenyewe. Akakubali. Limi nilimwombea ruhusa ya kuingia. Tukaingia. Yule mama wa mvi alikuwepo, faili limefunguliwa mbele yake, daftari la mara saba juu kabisa.

"Hujambo, Kulwa?"

"Sijambo, Dokta. Shikamoo."

Nikafumba macho.

Yule mama hakuendelea kuuliza habari za mgongo. Alikuwa anatazama chini ya meza. "Marahaba. Una viatu vizuri," akasema. "Vimefungwa kamba vizuri sana. Nani amezifunga?"

Mtu yule niliyemjua akitania mbele ya mameneja na mbele ya maiti ya samaki, alikaa pale mdomo umefunguka kidogo. Limi alikuwa anatazama sakafu. Angeweza kusema "mimi," na mkewe asingempinga mbele ya watu. Nadhani sote tulilijua hilo.

"Mke wangu," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanguka."

"Soksi?"

"Yeye."

"Kuoga?"

"Mgongo na miguu, yeye."

"Kitandani ukitaka kugeuka?"

"Ananigeuza," akasema. "Halafu asubuhi anakwenda kuuza dagaa."

Yule mama akavua miwani, akaandika. Hakuuliza kingine. Tulipotoka nje Kulwa alipita mbele yangu bila kuniaga, fimbo inagonga sakafu. Hakuzungumza nami wiki tatu. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya watu, na hata kama lilikuwa jambo lililopasa kufanyika, nguo ni nguo.

Barua ilipofika ofisini niliifungua. Amekubaliwa. Pensheni ya kila mwezi, maisha yake yote. Nilitaka kupiga simu, kisha nikaona hapana, nikaiweka mfukoni, nikapanda mlima. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau kukaa kwanza. Nilisalimia nikiwa natweta.

Kulwa alikuwa uani, ameegemea ukuta. Limi na dagaa wake. Nikaifungua barua, nikaisoma kwa sauti, kama nilivyokuwa nikisoma kwenye harusi. Nilifika mwisho, pale walipoandika kwamba muombaji hataweza tena kufanya kazi ya kubeba wala kazi nyingine yoyote ya nguvu, na kwamba hali hiyo ni ya kudumu. Niliisoma vizuri sehemu hiyo, kwa mkazo, kwa sababu ndiyo tuliyoipigania.

Nilipoinua macho Kulwa alikuwa anatazama ziwa.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema.

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Miezi yote ile nilidhani tunashindana na jopo. Yeye alikuwa bado anasubiri mgongo upone, na mimi nimepanda na mhuri kumwambia asisubiri. Nilibaki nimesimama na barua yangu, nisijue niikunje au nimpe. Ndiyo maana nawaambia, Neema na wenzako: barua ya namna hii msiitume kwenye simu. Ipelekeni kwa miguu. Na mkishaisoma msiwe na haraka ya kushuka.

Limi alifuta mikono kwenye kanga, akaniomba barua, akaitazama kwa makini juu mpaka chini, yeye ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha.

"Shemeji, hapa wameandika mgongo?"

"Ndiyo, shemeji. Mgongo na mguu wa kushoto."

"Mahali pengine wameandika mikono?"

"Hapana."

"Mdomo?"

"Mdomo haumo."

"Basi," akasema, akamsogezea mumewe ungo wa dagaa mapajani. "Mdomo na mikono bado ni vizima, serikali imethibitisha. Chambua, mawe yote upande huu. Na ukimaliza utakaa sokoni uwaite wateja, maana mimi sauti imeniishia kwa kukugombeza."

Kulwa alimtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda sikujua ni kilio au kicheko, nadhani vyote viwili. Akashika mgongo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaokota jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa.

"Karani," akaniambia bila kugeuka, "kaa basi. Au na wewe umekuja kusimamia?"

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaanza kuchambua.